Mrejesho: mwani wa bwawa la majitaka, Wete

Assalamu alaykum. Niliuliza kama mwani wa kijani unaoota kwenye bwawa letu la majitaka hapa Wete, Pemba, unaweza kutoa dizeli. Ahsanteni sana kwa majibu.

Dizeli nimeiacha. Mwani mbichi karibu wote ni maji, kuukausha kunakula nishati nyingi, na kuugeuza mafuta ukiwa mbichi kunataka joto la nyuzi 300 hivi na mgandamizo mkubwa. Hiyo kazi ya kiwanda.

Tumefuata ushauri wa gesi: tunauchota, tunauchanganya na kinyesi cha ng'ombe kwenye mtambo wa biogesi, na jiko linawaka, mashaallah! Masalia tunamwagia migomba, kamwe si mboga za kuliwa mbichi.

Sasa naomba msaada wa kuuvuna. Kitambaa chetu cha kuuchujia kinazibika upesi mno.