Nairobi Half Life, Kati Kati au Supa Modo: ipi tuwaonyeshe vijana wa mtaa?

NjeriBuru
Wadau, hamjambo. Vijana wetu hapa Buruburu wamepata projekta na ukumbi wa kanisa, nami nimeachiwa kazi ya kuchagua filamu moja ya Kikenya. Nimebaki na tatu: Nairobi Half Life (2012), Kati Kati (2016) na Supa Modo (2018). Habari za tuzo tuziweke kando. Nataka ile itakayowaacha wakibishana hadi stejini, kwa sababu ya mhusika mmoja au tukio moja tu. Mngechagua ipi?

Omosh_Jericho
Half Life, sina hata haja ya kufikiria. Mwas anatoka kijijini, ambako anauza DVD huku akiwaigizia wateja vipande vya filamu. Hata hajazoea kelele za mji, ameshaporwa na kutupwa seli. Mle ndani anaamriwa asafishe choo kichafu kupindukia. Anakunja mikono ya shati na kuifanya kazi ile kwa bidii ya mtu aliyepewa nafasi jukwaani, na hapo ndipo Oti anapoanza kumtazama kwa jicho jingine. Marehemu Olwenya Maina alimwigiza Oti vizuri mno: jambazi, lakini unamwamini kama kaka. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, naye alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo wa 2012, na ukitazama tukio hilo la choo huulizi kwa nini.

Bint_Pumwani
Ndugu Omosh, nakubali kuhusu choo, ila Half Life vijana wengi wameshaiona. Dada Njeri, waonyeshe Kati Kati. Msichana, Kaleche, anajikuta peke yake nyikani akiwa na gauni la hospitali, hakumbuki hata jina la mama yake. Anafika kwenye loji, anakuta watu wanakula na kucheka. Thoma ndiye anayemweleza: hapa sote tumeshakufa. Hakuna moto, hakuna malaika. Kuna bwawa la kuogelea, viti, na jua la mchana. Mwongozaji Mbithi Masya angeweza kutuletea giza na ukungu, lakini ametuwekea ahera mahali panapofanana na loji ya kwenda wikendi, na ndiyo maana inatisha. Halafu yupo yule kasisi anayebeba hatia ya ghasia za uchaguzi. Haonekani sana, lakini yeye ndiye niliyeondoka naye akilini. Kila mtu nyumbani kwetu ana lake asilolisema kuhusu 2007.

NjeriBuru
Asante dada. Hofu yangu ni kwamba wengine wana miaka 14. Hawataiona inajikokota?

Bint_Pumwani
Ni saa moja na robo tu. Wakinyamaza usidhani wamechoka.

Kamaa254
Kwa ukumbi wa kanisa, Half Life itakuletea shida na wazee, kwa matusi na damu. Mimi ni wa Supa Modo. Jo ana miaka tisa, ni mgonjwa, na mama yake amemtoa hospitali aje kumalizia siku zake nyumbani. Dada yake Mwix anamfanya aamini kwamba anaweza kusogeza kitu bila kukigusa. Mwongozaji Likarion Wainaina hakuishia kwenye utundu huo: hatimaye kijiji kizima kinaamua kumtengenezea Jo filamu yake. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya muvi, tukimsikiliza DJ Afro akitafsiri filamu za Kichina, tunaelewa kabisa kwa nini mtoto huyu anataka kuwa shujaa. Lakini mhusika wangu ni mama. Anataka mtoto alale, apumzike, aishi siku moja zaidi. Mwix anataka acheze. Wote wawili wanampenda na wote wawili wana haki. Waulize vijana wako wako upande wa nani, uone moto.

Omosh_Jericho
Kamaa umenikumbusha huyo mama. Kwa umri huo, basi, Supa Modo. Half Life waitafute wakikua.

Achieng_K
Naongeza ya nne, ya dakika 20 hivi: Pumzi ya Wanuri Kahiu, 2009. Vita vya maji vimeharibu dunia, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, hata jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena. Asha anapata udongo wenye uhai, anatoroka na mche. Kule jangwani anaumwagia maji yake ya mwisho, kisha anaukinga jua kwa mwili wake mwenyewe. Mtoto wa mtaa ambako mifereji hukauka na watu hungoja maji ya mikokoteni hahitaji kuelezwa kitu hapo. Ianzeni hiyo, kisha Supa Modo.

NjeriBuru
Imekaa vizuri. Pumzi kwanza, chai, kisha Supa Modo, na swali la Kamaa kuhusu mama. Kati Kati naiweka kwa wale wakubwa, mwezi ujao, na dada Bint uje uongoze mazungumzo ikiwezekana. Ruhusa ya wenye filamu naanza kuitafuta leo. Kuna anayejua pa kuazima spika nzuri karibu na Mutindwa?