Mrejesho: mdogo wangu na vikaratasi vya LSD

Habarini wapendwa. Mwezi wa tatu niliuliza hapa kama mdogo wangu, aliyekuwa akitumia vikaratasi vya LSD (dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone mambo yasiyokuwepo) na uyoga wa kulevya wikendi, ni mraibu au ameanza kuugua akili. Asanteni sana kwa kunijibu usiku ule. Nilikuwa nalia.

Mlinionya kuhusu kipimo cha mkojo, lakini nikakikimbilia kwanza. Kilitoka safi, naye akanipungia karatasi: "Unaona, dada?" Kumbe vipimo vya kawaida vya mkojo havitafuti LSD wala uyoga. Pesa ilienda bure.

Kilichosaidia ni ushauri wa kuweka daftari: tarehe, alichotumia, kilichofuata. Daktari wa akili pale hospitali ya Mathari, Nairobi, alilisoma lote, kidole kikisimama pale alipoanguka ngazini akavunjika mkono, na pale alipokesha siku mbili akitetemeka kwa hofu. Akatueleza kwamba kwa anayetumia kwa vipindi, mtindo wa matumizi hutazamwa kwa angalau miezi 12. Daftari, pamoja na aliyoyakiri mwenyewe, lilifika miezi 14. Akaandika "matumizi yenye madhara", si uraibu, kwa kuwa bado anaweza kujizuia.

Ushauri nasaha alihudhuria mara mbili tu, akaacha. Hilo linaniuma. Hajatumia tangu Juni, ila usiku taa za matatu bado anaziona zikiacha mkia, na tuna miadi nyingine kwa ajili ya hilo. Mwenye ndugu kama huyu, anza na daftari leo.