Shahidi kasema "huyu alishafungwa": inaruhusiwa?

Mwaloni_15HP
Wakuu, habari za jioni. Kesi ya wizi wa mashine ya mtumbwi, Mahakama ya Wilaya hapa Mwanza. Shahidi wa pili, kiongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe na uvuvi), kaulizwa anamfahamuje mshitakiwa, akajibu: "Mwizi wa siku nyingi, alishafungwa Butimba kwa nyavu za watu." Mshitakiwa hana wakili, na kifungo hicho ni cha kweli. Jibu hilo linaruhusiwa? Na akimleta mzee wa kanisa amsemee, itamsaidia?

Dodoso
Haliruhusiwi. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, haikuweka mizani sawa hapa: kwenye jinai tabia njema ya mshitakiwa inapokelewa, ila tabia mbaya, kifungo cha nyuma, hata kule kushitakiwa tu, havipokelewi mpaka itokee sababu inayotajwa na sheria yenyewe. Aliyeiba nyavu juzi si lazima awe ndiye aliyefungua mashine hii usiku ule.

Apinge palepale: "Mheshimiwa, hayo hayahusu kosa nililoshitakiwa. Naomba yasizingatiwe, na pingamizi langu liandikwe." Hilo la kuandikwa alisisitize, kwa sababu Mahakama Kuu ikikaa kwenye rufaa inasoma mwenendo wa kesi tu, yaani yale yaliyoandikwa mahakamani. Akipitiwa, bado anaweza kuibua hoja hiyo baadaye, ila ataulizwa kwa nini alinyamaza. Rufaa nayo haimwachii mtu kwa kosa hilo peke yake: maneno yale yanawekwa kando, kisha inaangaliwa kama ushahidi uliobaki unatosha kumtia hatiani.

Hatari zaidi ni zamu yake ya kumhoji shahidi. Watu hupandwa na hasira wakauliza: "Si unajua mwaloni wote (hapa ufukweni wanaposhusha samaki) wananiheshimu?" Kwisha. Ameanza mwenyewe kujenga sifa yake, na mwendesha mashitaka sasa anaruhusiwa kuleta habari za Butimba.

Nyegezi_Kona
Naongezea kuhusu mzee wa kanisa: kwa huyu, asiletwe. Sababu ni hiyohiyo, shahidi wa tabia njema anafungua mlango. Kwa mtu mwenye rekodi safi ningesema aje, ila azungumzie sifa ya jumla, yaani anavyojulikana mtaani kwake. Kile kisa cha "aliokota simu yangu akanirudishia" ni tukio moja na si sifa ya jumla, atakatizwa.

Halafu Dodoso, umepita haraka kwenye makosa ya nyuma. Yanaweza kuingia bila mshitakiwa kufungua mdomo, kama yanathibitisha jambo linalobishaniwa, mfano nia au ujuzi. Akisema "sikujua kuwa mashine ni ya wizi", halafu ikathibitika amewahi kukutwa na mashine nyingine mbili zilizosagwa namba kwa tupa kwa namna ileile, hapo hatuzungumzii tabia tena. Tunazungumzia alichokijua.

Dodoso
Nakubali. Lakini nyavu na mashine? Mfanano wa jina "wizi" hautoshi.

Mwaloni_15HP
Shukrani wakuu. Mshitakiwa anadai shahidi huyo ana ugomvi naye, na kwamba shahidi mwenyewe anauza timba (nyavu haramu) kwa siri. Aulize?

Nyegezi_Kona
Ugomvi aulize, tena kwa tarehe na chanzo: "Mwezi fulani hatukugombania eneo la kutega?" Hilo linagusa sababu ya shahidi kusema uongo. Kumwambia "si kweli" nako ni kukana kwa kawaida, hakuna shida. Timba aachane nazo. Ukichafua tabia ya shahidi wa mashitaka, yako nayo inafunguliwa, na kati yao wawili mwenye hukumu ya kusomwa ni mshitakiwa.

Dodoso
Mzee wa kanisa muwekeni akiba. Mshitakiwa akitiwa hatiani, kabla ya adhabu ndipo rekodi inasomwa kihalali. Aulizwe kama anaikubali, na akiikana upande wa mashitaka uithibitishe, kwa mfano kwa nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Hapo mzee anaweza kumwombea nafuu. Kusudio la rufaa, yaani taarifa kwamba anataka kukata rufaa, ni ndani ya siku 10, sababu za rufaa ndani ya siku 45, na siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi kwenye hizo 45. Aombe nakala kwa barua siku hiyohiyo ya hukumu.