Naomba ushauri: kufuatilia madau kwenye tovuti ya mnada

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa zangu. Nipo Dodoma, natengeneza tovuti ya mnada wa mifugo na vifaa vilivyotumika. Nimetumia PHP (lugha ya programu) na MySQL (hifadhidata), kwenye seva ya kushea na wengine.

Kupokea dau kunafanya kazi. Kufuatilia ndiko kumenikwamisha. Pale mnadani Msalato kila aliyesimama anasikia bei ikipanda. Kwangu mtu haoni kuwa amepitwa mpaka afungue ukurasa upya. Nimejaribu kuufanya ukurasa uulize seva kila baada ya sekunde 2, lakini watu thelathini tu wakiingia, seva inazidiwa.

Linaloninyima usingizi zaidi ni hili: juzi kwenye majaribio watu wawili waliweka dau la 450,000 kwa mbuzi wale wale, karibu sekunde ile ile, na wote wakaandikiwa kuwa wanaongoza. Programu yangu inasoma dau la juu kwanza, ndipo inaandika jipya. Nadhani kosa liko hapo katikati. Hela za watu si za kuchezea, siwezi kuifungua hivi.

Naomba mnisaidie mawili. Je, nifunge mstari wa bidhaa kwenye hifadhidata kwa SELECT ... FOR UPDATE (amri inayowafanya wengine wanaotaka kuubadilisha wasubiri nimalize) ndani ya muamala mmoja (hatua zinazokamilika zote kwa pamoja au zisikamilike kabisa), au kuna njia nyepesi zaidi? Na kwa wateja wenye mtandao wa kusuasua, nihamie WebSocket (muunganisho unaobaki wazi ili seva itume bei mpya yenyewe), au nibaki kuuliza seva lakini irudishe bei tu?

Natanguliza shukrani.