Mjadala: Katuni ikifuata filamu ya uhalifu tukio kwa tukio, ni ubunifu au ni kunakili?

Kisiki: Wakuu, naweka hoja na nataka nipingwe kwa mifano. Tarehe 7 Oktoba 1993 The Simpsons, katuni ya televisheni ya Marekani, walirusha sehemu inayoitwa "Cape Feare". Wameongeza herufi moja tu kwenye jina la Cape Fear, filamu ya Martin Scorsese ya 1991, ambayo nayo ni marudio ya filamu ya 1962, ambayo nayo ilitolewa kwenye riwaya ya John D. MacDonald ya 1957. Kwa ambaye hajaiona: mfungwa anatoka jela, anamwandama mtu anayemlaumu kwa kifungo chake, anaitesa familia yake kidogo kidogo, mwisho wanakutana botini. Katuni imebeba vyote: mazoezi gerezani, tatuu, sigara nene ndani ya sinema, kujining'iniza uvunguni mwa gari, boti, hadi muziki. Waandishi wameleta nini chao? Naona uvivu uliopakwa rangi ya njano, na sheria inayoulinda kwa jina la mzaha inawaonea waliotunga mwanzo.

Mtama Mweusi: Mkuu, umehesabu mifupa ukaacha nyama. Chukua hiyo sigara. Kwa Scorsese, mfungwa Max Cady (Robert De Niro) anaketi mbele ya familia, anawasha, anacheka kwa sauti mpaka wanashindwa kuvumilia na kuondoka. Tukio zima linasema kwamba mtu huyu anaweza kukuingilia popote na huna la kumfanya. Kwenye katuni Sideshow Bob, mfungwa anayemwandama mtoto Bart, anafanya vilevile, moshi na kicheko. Halafu Homer, baba yake Bart, anawasha sigara kubwa kuliko yake na kucheka kwa kelele kuliko yeye, na anayekereka sasa ni mhalifu. Mwandishi, Jon Vitti, ameacha vyombo vyote mahali pake akabadilisha kitu kimoja: nani anamsumbua nani. Angebadilisha na vyombo, mtazamaji asingejua kilichopinduliwa. Kufuata tukio kwa tukio kuna kazi yake, hakufanywi kwa kukosa la kuandika.

Kisiki: Hilo ni tukio moja zuri. Nitajie la pili.

Bi Shani: La pili halionekani kwa macho, kaka Kisiki, liko kwenye kosa. Filamu ya 1962, baba anayeandamwa (Gregory Peck) ni shahidi tu: alimwona Cady akitenda uhalifu, akaenda mahakamani akasema. Ni mtu safi. Ile ya 1991 ilichafua hapo. Baba huyo, sasa Nick Nolte, ni wakili wa Cady mwenyewe, naye alificha ripoti ambayo ingeweza kumsaidia mteja wake. Kwa hiyo Cady ni mnyama, lakini ana dai. Uzito wote wa Scorsese umelala hapo.

Sasa angalia katuni. Inavaa nguo za 1991: tatuu, nywele, sinema, gari. Lakini Bart ni shahidi wa 1962. Alimfichua Bob kwenye sehemu ya 1990, hakumficha wala kumsaliti. Dai la mhalifu limeondolewa kabisa, na pamoja nalo limeondolewa lile tukio la kutisha la Cady na binti wa familia. Huwezi kuweka tukio lile kwenye kipindi ambacho watoto wanatazama, na huwezi kuliondoa halafu ukabaki na lawama ya baba. Vikishatoka hivyo viwili kinabaki kitisho kitupu, na kitisho kitupu ndicho kinachochekeka. Huo ni uamuzi wa mtu aliyezijua filamu zote mbili vizuri.

Tena kuna vidole. Robert Mitchum, Cady wa 1962, ndiye pia mhubiri wa The Night of the Hunter (1955) mwenye LOVE na HATE vidoleni. Watu wa The Simpsons wana vidole vitatu na gumba, herufi nne hazienei. Kwa hiyo Bob ameandika LUV, na upande wa pili HAT yenye mstari juu ya A, ili isomeke "hate". Mnaona walivyogeuza udhaifu wa mchoro kuwa kichekesho.

Kinanda: Naomba muziki usipitwe. Mlio ule wa pembe unaoshuka ni wa Bernard Herrmann, wa 1962. Elmer Bernstein aliupanga upya kwa ajili ya Scorsese, kisha Alf Clausen akauingiza kwenye katuni, na baadaye ukawa mlio wa Bob kila anaporudi. Clausen hakuuchekesha hata kidogo. Makosa ya wanaojaribu mizaha ya namna hii huwa hapo: picha ya kipuuzi wanaitilia filimbi za kipuuzi, na kila kitu kinalegea. Picha ikicheza, muziki usicheze. Orkestra iamini kwamba kuna mtu anakufa.

Kisiki: Kinanda umenisaidia bila kutaka. Kama muziki haukuguswa, basi umechukuliwa jinsi ulivyo. Na tusisahau reki. Bob anatoka uvunguni, anakanyaga reki, mpini unampiga usoni, mara tisa. Watengenezaji wenyewe wamesema sababu: sehemu ilitoka fupi kuliko muda wa kurushwa, wakajaza. Mnataka tuite hilo sanaa?

Mtama Mweusi: Sababu ya kuanza na ubora wa kilichotoka ni mambo mawili. Ukihesabu, reki ya kwanza inachekesha, ya pili pia, ya tatu na ya nne zinaanza kuchosha, ya tano mtu anajiuliza kama televisheni imeharibika, na kuanzia ya saba kicheko kinarudi kikiwa kikubwa kuliko mwanzo, kwa sababu sasa unachekea ujasiri wa kurudia. Wangeishia nne wangeharibu. Mguno ni uleule kila mara, hauongezwi chumvi, na picha inavutwa nyuma ukaona amezungukwa na reki.

Wakili wa Kijiwe: Twende kwenye sheria, maana Kisiki ameigusa kisha akaikimbia. Marekani, kifungu cha 107 cha sheria ya hakimiliki kinapima mambo manne: lengo la matumizi, aina ya kazi iliyoazimwa, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwenye soko la kazi ya kwanza. Machi 1994, miezi mitano baada ya sehemu hii kurushwa, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kundi la rap la 2 Live Crew, lililoufanyia mzaha wimbo "Oh, Pretty Woman". Ilisema kuuza mzaha hakuondoi kinga moja kwa moja, na kwamba mzaha unaoisema kazi yenyewe una sababu ya kuazima kutoka kwake. Anayeazima ili aseme jambo jingine kabisa ana kazi kubwa zaidi ya kujieleza.

Kwa kipimo hicho, sigara ya Homer inaisema filamu, haina tatizo. Lile ombi la mwisho la Bart kabla ya kuuawa, kwamba Bob amwimbie opera ya vichekesho ya H.M.S. Pinafore yote mpaka boti ifike Springfield, mji wao, haligusi filamu, lakini ni kazi ya 1878 isiyo na mwenyewe tena. Muziki wa Herrmann ndio ningeogopa kuutetea bila kibali. Uingereza iliongeza ruhusa ya mzaha kwenye sheria yake mwaka 2014 tu, kwa hiyo usibebe hoja ya Marekani ukadhani inatumika kila nchi.

Kisiki: Na soko? Aliyeona katuni kwanza, De Niro akitokea uvunguni mwa gari, anacheka. Filamu imeharibiwa.

Wakili wa Kijiwe: Mahakama ililijibu. Hasara inayohesabiwa ni ya kuchukua nafasi ya kazi ya kwanza, kama mtu kuacha kununua filamu kwa kuwa katuni imemtosha. Kazi ikipoteza wateja kwa sababu imechekwa sawasawa, hilo halilipwi.

Kisiki: Hebu niwajaribu. Mawakala wa FBI wanaoificha familia wanamfundisha Homer aitikie jina lake jipya, "Mr. Thompson", wanarudia na kurudia, hataitikia. Watu hulitaja tukio hilo na reki kuliko yote. Yote mawili hayamo kwenye filamu. Kwa hiyo vilivyo bora kwenye kiigizo chenu ni vile visivyoiga.

Bi Shani: Thompson nakuachia. Reki hapana. Kwenye filamu Cady anasafiri uvunguni na anafika akiwa tayari kwa kazi, na Scorsese anataka tusiulize mwili wake ulivumiliaje. Katuni inauliza. Homer anapita na gari katikati ya mipungate, na Bob akishatoka chini, kila anapoweka mguu anaumia. Maumivu ambayo filamu iliyaruka, yeye anayalipa.

Kisiki: Reki ya kwanza nimekubali, dada. Nane zilizobaki ni za kujaza muda.