Siku 40 kabla ya ukomo wa muda: tusaini nini ili mazungumzo yaendelee?

Mshona Hati
Mgogoro wa mkataba wa ujenzi. Pande zote mbili zinataka kuendelea kuzungumza, ila zimebaki siku 40 muda wa kufungua shauri uishe. Barua pepe ya "tusubiri kwanza" inatosha?

Kalamu Nyekundu
Usiitegemee. Katika nchi nyingi mazungumzo peke yake hayasimamishi muda. Ujerumani yanasimamisha, kwa kifungu cha 203 cha sheria yao ya kiraia, lakini hiyo ni Ujerumani. Andikeni hati, isainiwe kabla siku hazijaisha.

Kosa linaloumiza ni kuchanganya kusimamisha muda na kuongeza muda. Mkisimamisha kuanzia 1 Machi hadi 31 Agosti, siku zenu 40 zinaanza kuhesabiwa tena 1 Septemba, na ya mwisho ni 10 Oktoba. Mkiongeza muda hadi 31 Agosti, 1 Septemba mdai hana chake. Hati ikitumia maneno yote mawili, mmemwandalia wakili wa mdaiwa pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka shauri litupwe kabla halijasikilizwa. Chagueni moja, na hesabu yenye tarehe iandikwe humo humo.

Masjala
Angalia pia majina. Kampuni mama ikisaini, kampuni tanzu haijasaini. Mdhamini naye vivyo hivyo. Asiyesaini, muda wake unaendelea kukatika.

Mdaiwa atataka vifungu viwili, na ana haki: madai yaliyokwisha kupitwa na wakati yasifufuliwe, na kusaini kusihesabiwe kuwa kukiri deni. Hicho cha pili si urembo. Sheria nyingi zinaanza kuhesabu muda upya deni likikiriwa kwa maandishi.

Mshona Hati
Je, kifungu cha kusimamisha au kuongeza muda tungekiweka kwenye mkataba wa ujenzi tangu mwanzo?

Kalamu Nyekundu
Inategemea sheria inayotawala. New York ahadi ya kuongeza muda lazima itolewe baada ya chanzo cha madai kutokea, kwa maandishi yenye saini. Ufaransa mnaruhusiwa kuongeza, lakini ukomo usizidi miaka 10, na baadhi ya madai, kama mishahara, hayaguswi.

Masjala
Na msidhani hati hiyo inagusa muda wa kukata rufaa au wa kuwasilisha utetezi shauri likishafunguliwa. Huo uko mikononi mwa mahakama. Notisi ya kujitoa kwenye hati hiyo iwe ya siku 30, ipelekwe kwa anwani iliyotajwa kwenye hati. Vinginevyo mtabishana ilipokelewa lini.