UZI: "Imetembea maili chache" ni mtego. Gharama halisi za Maserati ya mtumba, muuzaji hatakwambia

Wakuu, uzi ni mrefu na nina hasira, mwenye haraka apite. Nipo Uingereza, huku Midlands, na nazungumzia Maserati GranTurismo ya 2008, ile ya injini ya lita 4.2, V8 iliyoundwa kwa Ferrari kule Maranello, bodi imechorwa na Pininfarina, wabunifu wa Kiitaliano. Gari naipenda na siiuzi, kwa hiyo wale wa "achana nayo chukua Lexus" msijisumbue.

Ninachotaka ni hiki: maneno "imetembea maili chache" yapigwe marufuku kwenye matangazo ya haya magari.

Sisi tuliokulia Bongo tumefundishwa kuogopa kilomita. Ukifika yadi kitu cha kwanza unachungulia dashibodi, cha pili unauliza odometa imerudishwa nyuma au la. Kwa Premio au Noah, ni sawa kabisa. Tunakuja huku na akili hiyohiyo, na wauza magari ya Kiitaliano wanaijua. Wanakuwekea gari ya miaka 17 yenye maili 31,000, na maili ni za kweli, hazijachezewa. Wanakumaliza kwa ukweli.

Huku gari ikishafikisha miaka 3 inakaguliwa kila mwaka, wanaita MOT, na serikali imeweka rekodi zote mtandaoni bure. Unaandika namba ya gari, unaona ilikuwa na maili ngapi kila ukaguzi. Hii yangu kuna mwaka ilitembea maili 240, uliofuata 190. Jamaa wa yadi alinigeuzia skrini niione, anatabasamu, kama ananionyesha cheti cha mtoto wake. Maana yake ni kwamba gari ilikuwa inatoka kwenda kukaguliwa inarudi kulala. Miaka. Sili zinakauka, raba zinapasuka, betri inakufa na kufufuliwa, oili inashuka yote chini na injini inakaa kavu.

Sasa njoo kwenye variata. Kwa wasiojua, ni kifaa kilichopo mbele ya kemshafti, ule mhimili unaosukuma vali, kinabadilisha muda wa vali kufunguka na kufunga kwa kutumia presha ya oili. Hizi 4.2 za mwanzo zinajulikana kwa hilo, ziwe za GranTurismo au Quattroporte ya otomatiki, ile Maserati ya milango minne. Zikichakaa, ukiwasha injini ya baridi unasikia mkwaruzo wa chuma sekunde kadhaa kabla presha haijapanda. Injini ikishapata moto, kimya! Husikii kitu. Na mimi nilipofika yadi asubuhi ile, gari "walikuwa wameitoa kidogo kuipangusa". Boneti ya moto. Mlio mtamu, tukatia saini.

Kesho yake nyumbani, baridi ya asubuhi, nikawasha. Jirani alifungua dirisha.

Fundi anayejua haya magari, siyo wakala rasmi, ni fundi wa kujitegemea, kanipa makadirio ya pauni elfu nne na ushee. Hapo wakuu elewa jambo moja ambalo matangazo yote yanaliruka. Gari hii ikiwa mpya ilikuwa karibu pauni elfu themanini. Leo unaipata kwa bei ya Corolla mpya, au chini yake. Lakini spea hazijui kwamba gari imeshuka bei. Variata bado inauzwa kwa mtu wa elfu themanini. Wishiboni ya mbele, ule mkono unaoshikilia gurudumu, ndiyo imenitia wazimu kabisa: bushi zimekwisha, na kiwanda hakikuuzii bushi wala boljointi peke yake, kinakuuzia mkono mzima. Kuna mafundi huku wanaotoa za zamani na kupachika mpya kwenye mkono uleule kwa bei ya kibinadamu, lakini lazima umjue mtu. Wakala hakwambii.

Na hizo bushi zilikuwa zimeandikwa kwenye MOT miaka miwili mfululizo kama jambo la kuangalia. Nilimuuliza muuzaji kabla sijalipa. Akasema "hiyo tumeshashughulikia". Risiti? "Tutakutumia." Bado nasubiri.

Matairi nayo. Kashata zimejaa, yanang'aa, wameyapaka ile dawa nyeusi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Za nyuma zilisomeka 1114. Wiki ya 11, mwaka 2014! Raba ya zaidi ya miaka kumi kwenye gari ya farasi 405 inayosukuma kwa nyuma, kwenye nchi ya mvua. Yakapita ukaguzi, kwa sababu MOT inapima kashata na mipasuko, haimfelishi mtu kwa umri peke yake. Nne mpya, inchi 20, za nyuma upana wa milimita 285. Piga hesabu mwenyewe.

Vitufe vya ndani, vile vya redio na vya kioo, vimeanza kunata kama vimepakwa asali. Plastiki ilipakwa kitu laini kiwandani, umri ukifika kinayeyuka. Ukigusa kidole kinatoka cheusi. Haizuii gari kutembea, lakini abiria wa kwanza niliyempakia alikuwa shemeji mwenye suti nyeupe.

Mengine ni ya kawaida, nayapitia haraka. Kodi ya barabara: kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 kundi la juu kabisa la hewa chafu kwa magari ya umri huu lilikuwa pauni 760, zaidi ya milioni mbili za Kitanzania. Kichekesho ni kwamba Maserati 4200 iliyosajiliwa kabla ya tarehe 23 Machi 2006, yenye V8 ya ukoo uleule, mwaka huohuo ilikuwa inalipa 430, kwa sababu sheria iliziacha za kabla ya siku hiyo. Mafuta: kiwanda chenyewe kinasema lita 14 na ushee kwa kilomita 100, na hiyo ni kwa mtu mpole. Bima walitaka nifunge kifaa cha kuifuatilia gari kwanza. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi inakula subfremu, ile fremu ya chini inayobeba injini na magurudumu, kwa hiyo kabla ya kununua ipandishwe juu uichungulie kwa tochi.

Halafu waranti. Nilipewa ya miezi mitatu, karatasi nene yenye nembo ya dhahabu. Nikapiga simu kuhusu variata. Jibu: huo ni "uchakavu wa kawaida", haumo. Na hata ingekuwemo, dai moja lina kikomo ambacho hakifiki hata nusu ya bei ya fundi. Sasa waranti ya gari la miaka 17 isiyofunika uchakavu inafunika nini, radi?

Nikarudi yadi. Meneja ananiambia "ulinunua kama ulivyoiona". Hapa ndugu zangu mnaoishi huku sikilizeni, wengi wanatishwa na maneno hayo wanaondoka. Ukinunua kwa mfanyabiashara, Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inakupa siku 30 za kuirudisha gari yenye kasoro. Zikipita, ndani ya miezi sita kasoro inahesabiwa ilikuwepo tangu siku ya kuuza, na yeye ndiye wa kuthibitisha kinyume. Ana nafasi moja ya kuitengeneza, akishindwa unadai kupunguziwa bei au unairudisha. "Kama ulivyoiona" haifuti hayo. Kwa mtu binafsi ni hadithi nyingine, huko huna kinga hiyo.

Najua atakuja mtu na "si uipeleke nyumbani". Kenya hawapokei gari iliyozidi miaka 8. Bongo inaingia, lakini kuna ushuru na nyongeza ya uchakavu juu yake, na ikifika nani ana mashine ya kusoma kompyuta yake? Spea zitatoka hukuhuku.

Nimewaandikia barua rasmi, nimeambatanisha ripoti ya fundi na video ya kuwasha asubuhi, mkwaruzo unasikika vizuri kabisa. Nimewapa hadi Ijumaa. Wakileta ujanja naenda mahakama ya madai madogo na nitarudi kuandika kilichotokea.

Wakati huo huo, mwenye Maserati, Alfa au Ferrari ya mtumba aweke hapa bili zake za mwaka mzima, za kweli, siyo picha za gari imeegeshwa baharini. Na kama kuna anayemjua fundi wa wishiboni maeneo ya Birmingham anitumie ujumbe pembeni.